Bunge na Serikali: Tubishe Mlango Upi?

Mama mwenzangu,

Huku kwetu Handeni na Korogwe tumezoea kusema, "Serikali imekataza," au, "Serikali imeruhusu." Mkuu wa Wilaya akitoa agizo, tunasema ni Serikali. Mbunge akihutubia uwanjani, ni Serikali. Mwalimu mkuu akibandika tangazo, muuguzi akidai kadi ya kliniki, mtendaji wa kijiji akipita na kitabu cha stakabadhi, wote hao kwetu ni Serikali. Neno moja limebebeshwa watu wengi mno.

Mazoea hayo yana hasara yake. Mama mwenye shida ya kweli huenda akabisha mlango usiokuwa wake, akaambiwa, "Hilo si letu," akarudi nyumbani amekata tamaa. Kumbe mlango ulikuwepo, ila ulikuwa wa pili. Mwezi huu tuzungumze juu ya milango hiyo miwili: Bunge na Serikali. Usiufunge ukurasa huu kwa kudhani kwamba hayo ni mambo ya wanaume na wanasiasa. Utaona kwamba yanaingia hadi chumbani mwa binti yako.

Mabinti wawili

Tuwachukue mabinti wawili wa kijiji kimoja, wote wa miaka kumi na mitano. Wa kwanza yuko kidato cha pili, naye amepata mimba. Wa pili alimaliza darasa la saba, hakuendelea na masomo, na sasa wazee wamepokea posa yake.

Sisi tunaofanya kazi katika wodi ya wazazi tunawapokea wote wawili kwa hofu ileile. Nyonga ya msichana wa umri huo mara nyingi haijakomaa. Uchungu unaweza kuchukua siku nzima na zaidi bila mtoto kupita. Kifafa cha mimba huwaandama zaidi wasichana wadogo. Na yule anayechelewa kufika hospitali anaweza kubaki na fistula, akawa anavuja mkojo bila kujizuia, hata mume na ndugu wakamkimbia. Mwili haujui kama mimba ilikuja kwa ndoa au bila ndoa.

Lakini katika utawala wa nchi, mambo ya mabinti hawa yako katika mikono tofauti. La wa kwanza lilibadilishwa kwa waraka wa Wizara. La wa pili haliwezi kubadilishwa kwa waraka. Linahitaji sheria ya Bunge. Tukielewa tofauti hiyo, tumeelewa sehemu kubwa ya Katiba.

Katiba inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 4, imegawa kazi za nchi katika mafungu matatu. Kuna kutenda, na hiyo ni kazi ya Serikali. Kuna kutoa haki, na hiyo ni kazi ya Mahakama. Kuna kutunga sheria na kusimamia shughuli za umma, na hiyo ni kazi ya Bunge. Ibara ya 8 inatukumbusha kwamba mamlaka yote hayo asili yake ni wananchi wenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Katika umoja wa wanawake kanisani, au katika kikundi cha kuweka na kukopa, mkutano wa wanachama ndio unaopitisha masharti na makisio ya fedha. Viongozi ndio wanaotekeleza. Mweka hazina anashika fedha, lakini hajikagui mwenyewe. Siku mtu mmoja akitunga masharti, akatunza fedha na kukagua vitabu, akina mama huanza kunong'ona, na wana haki ya kunong'ona. Nchi nayo inahitaji mpango wa namna hiyo.

Serikali ni Rais, Mawaziri, Wakuu wa Mikoa na Wilaya, na watumishi wote walio chini yao. Hata mimi ninayekuchoma sindano ni mkono mdogo wa Serikali. Mbunge ni tofauti. Kwa Ibara ya 63, Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, linauliza maswali, linajadili utendaji wa kila Wizara na kutunga sheria.

Mlango wa waraka

Turudi kwa binti wa kwanza. Mwaka 2002 Waziri wa Elimu alitoa kanuni za kuwafukuza wanafunzi shuleni. Waziri hutunga kanuni kwa sababu Bunge limemkabidhi uwezo huo ndani ya Sheria ya Elimu. Kanuni zile zilitaja makosa ya maadili pamoja na kuolewa, na kwa njia hiyo wasichana wengi waliopata mimba waliondolewa shuleni. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani, mkoani Pwani, kwamba katika kipindi chake mwanafunzi aliyezaa hatarudi katika shule ya Serikali. Bunge halikupiga kura juu ya tamko hilo, lakini shule zililifuata.

Kisha tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwemo, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Ukatolewa waraka. Safari hii pia Bunge halikutunga sheria mpya.

Umeona jambo hilo, mama? Mlango uliofungwa na Serikali ulifunguliwa na Serikali. Uzuri wa waraka ni wepesi wake: Waziri akiamua leo, kesho mwalimu mkuu wa Mombo au wa Mkata ameupata. Udhaifu wake ni huohuo. Kilicholetwa na waraka kinaweza kuondolewa na waraka mwingine. Binti aliyerudi darasani kwa waraka amesimama mahali pazuri, lakini sakafu yake si ya saruji.

Mlango wa sheria

Sasa binti wa pili. Ndoa zetu zinaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kabla ya kutungwa, Serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969 ili wananchi wayajadili. Ilikuwa sheria ya maana sana kwa wakati wake. Iliziweka ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali chini ya sheria moja, na ilimtaka mwenzi atoe hiari yake mwenyewe.

Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke kuwa miaka 15. Mahakama iliweza kuruhusu hata msichana wa miaka 14 kukiwa na sababu maalum. Kifungu cha 17 kikasema msichana aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya baba yake, na baba akiwa amefariki, ya mama yake.

Sheria nyingine zikajengwa juu ya hiyo. Mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria kali juu ya makosa ya kujamiiana. Ilisema kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama amekubali; lakini ilimwacha nje mume ambaye mke wake ametimiza miaka 15. Mwaka 2016 Bunge likarekebisha Sheria ya Elimu: atakayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Hilo ni tendo jema. Lakini linamkinga mwanafunzi. Binti wetu wa pili ameshamaliza darasa la saba. Si mwanafunzi tena.

Mwaka huohuo wa 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana wa kike, alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba kwa kuwa vinambagua msichana. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilikubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuhakikisha vifungu hivyo vinarekebishwa ili umri wa chini uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.

Wengi walidhani siku ile mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu Mahakama haina kalamu ya kuandika sheria mpya. Inasema lililo haki, halafu inawarudishia wenye kalamu. Serikali ilitakiwa kuleta muswada, na Bunge liupitishe. Miaka mitano baada ya hukumu ile ya mwisho, mwaka 2024, Bunge lilikuwa bado halijapitisha marekebisho hayo.

Muswada unapitia wapi?

Kwa kawaida muswada huandaliwa na Serikali na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Husomwa bungeni mara ya kwanza, kisha huenda kwenye Kamati ya Bunge. Hapo kwenye Kamati wananchi na vyama vyao hukaribishwa kutoa maoni. Viongozi wa dini huenda hapo, wanasheria huenda hapo, na hakuna aliyekataza umoja wa wanawake wa Korogwe kupeleka barua yao. Baadaye muswada husomwa mara ya pili, hujadiliwa kifungu kwa kifungu, na kusomwa mara ya tatu. Mbunge mmoja naye anaruhusiwa kuleta muswada binafsi, ingawa si jambo la mara kwa mara.

Muswada ukipita bado si sheria. Kwa Katiba yetu Bunge lina sehemu mbili: Wabunge na Rais. Rais akitia saini, ndipo unapokuwa sheria. Akikataa, anaurudisha pamoja na sababu zake. Wabunge wanaweza kuupeleka tena wakiungwa mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote. Hapo Rais anapaswa kutia saini ndani ya siku 21, au kulivunja Bunge na wote warudi kwa wananchi.

Majirani zetu wa Kenya waliona uzito wa saini hiyo Juni 2024. Bunge lao lilipitisha Muswada wa Fedha wenye kodi mpya huku vijana wakiandamana, na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, na kodi zile hazikuwa sheria.

Mfuko wa fedha

Pengine utasema, "Muuguzi, mimi binti zangu wameshaolewa. Shida yangu ni maji." Vema, nayo ina milango yake.

Wazee wetu wanalikumbuka bomba kuu la Handeni, lile tunaloliita HTM, lililojengwa miaka ya 1970 kuleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Watu wakaongezeka, mabomba yakachakaa, na ndoo zikarudi vichwani. Juni 2022 Serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika mradi huo.

Nani anafanya nini hapo? Kutafuta mkandarasi, kutia saini na kumsimamia ni kazi ya Serikali. Bunge linapitisha makadirio ya Wizara ya Maji kila mwaka, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Hakuna kodi inayotozwa bila sheria ya Bunge. Hiyo ni Ibara ya 138. Lakini Mbunge hawezi kuamka tu na kuongeza fedha za zahanati ya kwenu. Kwa Ibara ya 99, jambo la kuongeza kodi au matumizi lazima litokane na pendekezo la Rais, lililoletwa na Waziri. Mbunge anaweza kuhoji, kubana, na kutaka Serikali ibadilishe makisio yake. Bunge likikataa kabisa bajeti, Rais ana uwezo wa kulivunja. Kwa hiyo kila upande unashika ncha moja ya kamba.

Kwa sababu hiyo, mgombea akikuahidi, "Nitawajengea hospitali," mwulize kwa upole, "Mheshimiwa, utajenga wewe, au utaisimamia Serikali ijenge?" Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi anayoiomba.

Nani amkague mweka hazina?

Fedha zikishatumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua. Ripoti yake hupelekwa kwa Rais, naye huhakikisha inafika bungeni. Hapo Wabunge huwa na haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Usimamizi huo si wa maneno matupu. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na Mawaziri wengine wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao pia. Rais Jakaya Kikwete akamteua Mizengo Pinda, na Bunge likamthibitisha, kwa kuwa Waziri Mkuu hawezi kushika kazi bila kura ya Bunge. Tangu mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, Katiba inaliruhusu Bunge kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, na hata kumshtaki Rais kwa hatua nzito zilizowekwa.

Hata hivyo ukuta kati ya nyumba hizi mbili haukujengwa hadi darini. Mawaziri wetu ni Wabunge. Leo wanajibu maswali, kesho wanapiga kura juu ya bajeti yao wenyewe. Rais huteua Wabunge wasiozidi kumi. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, waliamua Mawaziri wasiwe Wabunge. Kila mpango una faida zake. Wetu unamleta Waziri ndani ya Bunge ajibu ana kwa ana. Lakini Mbunge anayetamani uwaziri anaweza kuuma ulimi mahali ambapo angepaswa kusema. Hapo ndipo macho ya wapiga kura yanapohitajika.

Hata kijijini

Mgawanyo huu umefika mpaka mlangoni kwako. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti ya Halmashauri na sheria ndogo, Mkurugenzi hutekeleza. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais, ni Serikali, wala si mtunga sheria. Kijijini, Mkutano Mkuu ni wa kila mtu mzima wa miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji hutekeleza na kutoa taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano huo.

Sasa niulize: mkutano huo ukiitishwa, nani anakwenda? Mara nyingi baba huenda, mama hubaki na chungu jikoni. Mama, hilo ndilo bunge ambalo huhitaji kuchaguliwa ili uingie. Unayo kura na unao mdomo. Funika chungu uende.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kulalamika, tuulize: Je, jambo hili limezuiwa na sheria, na kanuni, na waraka, au na uamuzi tu wa mtu mmoja? Mtumishi mwema atakuambia.

Kama ni waraka au utekelezaji, nenda kwa Serikali. Binti akikataliwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, anza kwa mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu wa Halmashauri, ukiutaja waraka wa 2021. Dawa zikikosekana, iulize kamati ya usimamizi wa zahanati, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi.

Kama ni sheria, andika barua kwa Mbunge wa jimbo na kwa Wabunge wa Viti Maalum wa Mkoa wa Tanga. Kwa Katiba, viti hivyo vya wanawake haviwi chini ya asilimia thelathini ya Wabunge. Viliwekwa kwa ajili yetu. Basi wenye viti wasikie sauti zetu. Barua ya ukurasa mmoja yenye majina thelathini ya akina mama wa Kwamsisi au Magoma si kitu kidogo mezani pa Mbunge.

Na juu ya umri wa ndoa, kuna mlango wa tatu ambao hauhitaji muswada. Sheria ile ya 1971 ilisema msichana mdogo haolewi bila idhini ya mzazi. Haikumlazimisha mzazi yeyote kuitoa. Wakati Bunge na Serikali wanasukumana, kalamu moja bado iko nyumbani mwetu. Zungumza na baba watoto usiku, kabla wageni hawajafika na posa. Mwambie tuliyoyasema juu ya nyonga, kifafa na fistula. Mwambie binti asubiri.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Taja jambo moja linalotusumbua kijijini mwetu. Je, ni la kupelekwa kwa mtendaji, diwani, Mkurugenzi au Mbunge? Kwa nini?

2. Mkutano Mkuu wa kijiji chetu ulikutana lini mara ya mwisho, na ni akina mama wangapi walisema neno?

3. Tukitaka kumwandikia Mbunge juu ya umri wa ndoa, nani ataandika barua, na tutaitia saini siku gani?